Nyuki Asiye na Mzinga: Mjenzi Mpweke Anayehudumia Mashamba ya Makueni

Mkazi amerudi kutoka shambani jioni, anaingiza ufunguo kwenye kufuli ya stoo, ufunguo unagoma. Anachungulia na kuona tundu limezibwa kwa kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa kama lami. Wengi hudhani ni utundu wa watoto au kazi ya nyigu. Huchukua msumari, wakachokonoa mpaka tundu likafunguka, na mambo yakaishia hapo.

Kilichobomolewa, hata hivyo, huenda kilikuwa nyumba ya nyuki. Si nyuki wa asali anayefahamika na wafugaji wa Kibwezi na kwingineko katika kaunti hii. Huyu ni nyuki anayeishi peke yake, hana mzinga, hana malkia, wala hatengenezi asali ya kurinwa. Hujenga kwa utomvu wa miti. Hapa ataitwa nyuki wa utomvu.

Mdudu huyu hana sifa sokoni na hata jina lake halijulikani na wengi. Hata hivyo, yeye na jamaa zake ni miongoni mwa vibarua wanaofanya kazi katika mashamba ya mbaazi, tikitimaji na malenge bila malipo. Wakazi wakimfahamu watapunguza hasara ambayo kwa kawaida huonekana tu wakati wa kuvuna, na hata hapo huwa ni vigumu kujua ilitoka wapi.

NYUKI WENGI HAWANA MZINGA

Watu wengi wakisikia neno nyuki huwazia mzinga, moshi na asali. Ukweli ni kwamba kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani, na zinazotengeneza asali ya kutosha kurinwa ni chache sana. Sehemu kubwa ya aina hizo ni nyuki wapweke. Kila jike hujenga kiota chake, hutafuta chakula cha watoto wake, na hufa bila kusaidiwa na mwingine.

Nyuki wa utomvu wamo katika jamii ambayo wanasayansi huiita Megachile, yenye aina zipatazo 1,500 kote duniani. Ndani ya jamii hiyo wamo mafundi wa kila namna. Wako wanaokata majani kwa meno, vipande vya mviringo vilivyonyooka kama vimekatwa kwa mkasi, wakavitumia kutandika vyumba vyao. Mkulima aliyewahi kuona majani ya waridi au ya mbaazi yakiwa na nusu duara safi ukingoni ameona kazi yao. Wako wanaotumia udongo. Na wako hawa wa utomvu, ambao meno yao hayana makali ya kukatia majani, kwa hivyo hubeba madonge ya utomvu unaonata na kuyakandika kama fundi anayepiga lipu.

Nyuki mkubwa kuliko wote duniani naye ni nyuki wa utomvu. Anaitwa Megachile pluto na anaishi katika visiwa vichache vya kaskazini mwa Maluku, nchini Indonesia. Jike lake hufikia urefu wa karibu sentimita 4. Mtafiti Mwingereza Alfred Russel Wallace alimkusanya mwaka wa 1858. Baadaye alitoweka machoni pa wataalamu mpaka 1981, na picha zake akiwa hai zilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2019. Jamaa zake wa Kenya ni wadogo zaidi, wengi wakiwa na ukubwa unaokaribiana na wa nyuki wa asali au kumpita kidogo, lakini kazi yao ya ujenzi hufuata utaratibu uleule.

Njia rahisi ya kumtambua nyuki wa jamii hii ni kutazama tumbo. Nyuki wa asali hubeba chavua, yaani ule unga wa maua, kwenye miguu ya nyuma. Nyuki wa utomvu na mkata majani huibeba chini ya tumbo, kwenye nywele nene zinazofanana na burashi. Akitoka kwenye ua, tumbo lake huonekana la manjano au jeupe kwa unga, na mara nyingi huliinua juu anapokuwa kazini.

NYUMBA YA MAMA MMOJA

Nyuki wa utomvu mara nyingi hachimbi tundu lake mwenyewe. Hutafuta lililo tayari: tundu lililoachwa na bungo kwenye mti mkavu, bua la mwanzi lililo wazi, ufa kwenye ukuta wa udongo, shimo la msumari kwenye fremu ya mlango, na wakati mwingine tundu la kufuli.

Akishapata mahali, hufuata utomvu. Huenda kwenye mti uliovunjika tawi au kuchubuka gome, akakata donge dogo na kuruka nalo. Katika maeneo makavu kama vile Kibwezi na Makindu, miongoni mwa miti inayotoa utomvu wa namna hiyo ni ile ya jamii ya mbambara, ambayo familia nyingi hupanda matawi yake kuzungushia boma. Miti ya ukoo huohuo ndiyo inayotoa manemane kaskazini mashariki mwa nchi. Utomvu huo hauingizi maji, na huzuia kuvu na bakteria kuharibu chakula cha watoto. Sifa hizo ndizo zinazomfaa nyuki huyu.

Mwisho wa tundu, jike huweka chavua iliyochanganywa na maji matamu ya maua, hutaga yai moja juu yake, kisha huziba chumba hicho kwa utomvu. Mbele ya chumba hicho hujenga kingine, na kingine tena, mpaka tundu lijae. Vyumba vya ndani huwekwa mayai ya majike, na vya karibu na mlango huwekwa ya madume, kwa kuwa madume hutangulia kutoka. Mwisho kabisa huziba mlango kwa donge kubwa, wakati mwingine akilichanganya na changarawe, udongo au vipande vya mbao. Hicho ndicho kifuniko cheusi kinachoonekana kwenye kufuli au kwenye fremu ya mlango.

Kila chumba kinadai safari nyingi za kwenda mauani na kurudi. Jike anayefanya kazi vizuri katika hali nzuri ya hewa humaliza chumba kimoja au viwili kwa siku, na maisha yake ya utu uzima ni ya wiki chache tu. Hapo ndipo tofauti yake na nyuki wa asali inapoonekana wazi. Malkia wa mzinga anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 kwa siku moja wakati wa neema. Nyuki mpweke, katika maisha yake yote, huacha watoto wachache wanaoweza kuhesabika.

Kwa hivyo nyuki kibarua mmoja wa mzinga akifa kwa dawa, mzinga hubaki na wengine maelfu. Nyuki wa utomvu akifa, hakuna wa kuchukua nafasi yake. Chumba alichokuwa akikijaza hubaki wazi, na watoto ambao wangechavusha mashamba msimu unaofuata hawazaliwi.

KWA NINI MKULIMA WA MBAAZI AMJALI

Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazolima mbaazi kwa wingi nchini. Ua la mbaazi limefungika. Sehemu za kiume na za kike zimefunikwa na petali mbili zilizoungana chini kama mtumbwi. Ua hilo linaweza kujichavusha lenyewe kwa kiasi fulani, lakini nyuki mzito anapotua juu yake, petali hizo husukumwa chini, sehemu zenye chavua huchomoza na kugusa tumbo lake. Nyuki wa utomvu na mkata majani hubeba chavua tumboni, kwa hivyo kila ua analolitembelea hupokea chavua kutoka ua jingine papo hapo.

Kibwezi imewahi kuwa uwanja wa utafiti wa jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 uliangalia mashamba ya mbaazi ya eneo hilo, ukichunguza jinsi mkulima anavyotunza shamba lake na jinsi mazingira yanayolizunguka yanavyowagusa nyuki wachavushaji na wadudu wanaokula wadudu waharibifu. Miongoni mwa nyuki wanaotembelea maua ya mbaazi katika eneo hilo ni nyuki wa asali, nyuki wa jamii ya Megachile, na wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao huitwa nyuki seremala.

Mfano mwingine umetoka kaunti jirani ya Kajiado. Huko Nguruman, watafiti walichunguza biringanya na kuchapisha matokeo mwaka wa 2008. Waligundua kwamba wachavushaji wakuu wa zao hilo walikuwa nyuki wapweke wa aina mbili, mmoja wao akiwa nyuki seremala, na kwamba nyuki hao walitegemea vichaka na msitu ulio kando ya mashamba. Ua la biringanya hutoa chavua kupitia vitundu vidogo, na nyuki hana budi kulishika na kulitetemesha ili chavua imwagike. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Mkulima wa biringanya anaweza kuwa na mizinga 20 kando ya shamba na bado akawahitaji nyuki wasio na mzinga.

Tikitimaji na malenge nayo huzaa maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Bila mdudu wa kuhamisha chavua, ua la kike hunyauka au tunda hutoka limepinda. Nchini Marekani na Kanada, wakulima wa lusani wamefuga nyuki mkata majani kwa miongo mingi kwa ajili ya mbegu za zao hilo, kwa kuwa nyuki wa asali hulikwepa ua linalompiga kichwani linapofunguka.

SURA TOFAUTI KATIKA KILA ENEO

Jambo moja linalowachanganya wakazi, na hata wataalamu, ni kwamba aina moja ya nyuki inaweza kuwa na sura tofauti katika maeneo tofauti.

Wafugaji wa nyuki wa asali wanalifahamu hili. Nyuki wa asali wa Kenya wote ni aina moja, lakini wataalamu hutofautisha wa nyanda za juu na tambarare zenye nyasi, wa pwani, wa milima mirefu kama vile Mlima Kenya na Elgon, na wa maeneo kame ya kaskazini. Wa milimani ni weusi zaidi na wakubwa kidogo. Wa pwani na wa maeneo kame ni wadogo na wa manjano zaidi. Kila kundi limezoea baridi, joto na majira ya maua ya mahali pake.

Nyuki wapweke nao ni hivyohivyo. Nyuki seremala aitwaye Xylocopa caffra ni mfano ulio rahisi kuonekana. Jike lake ni jeusi lenye mikanda miwili mgongoni, na mikanda hiyo huweza kuwa ya manjano au meupe, ingawa aina ni moja. Dume lake halina mikanda hiyo kabisa. Mwili wake wote umefunikwa na nywele za rangi ya manjano inayokaribia kijani. Mtu asiyejua anaweza kuapa kwamba ameona nyuki wa aina tatu.

Katika jamii ya nyuki wa utomvu, rangi ya nywele za tumboni, usoni na mgongoni nayo hutofautiana. Zamani, mtaalamu aliyepokea nyuki mmoja aliyekaushwa kutoka pwani na mwingine kutoka bara aliweza kuwapa majina mawili. Vielelezo vilipoongezeka, vikapangwa kwenye meza moja kutoka eneo hadi eneo, mara nyingi ilionekana kwamba rangi ilibadilika polepole bila mpaka. Kwa hiyo majina mengi ya zamani yameunganishwa. Wakati mwingine imekuwa kinyume: nyuki waliodhaniwa kuwa aina moja wakabainika kuwa mbili, baada ya kuchunguzwa viungo vyao vya uzazi na vinasaba.

Kwa mkazi, mafunzo ni mawili. Kwanza, rangi peke yake haitoshi kumhukumu mdudu. Nyuki mweusi wa Mbooni na wa kahawia wa Makindu wanaweza kuwa ndugu, na wote wana kazi. Pili, nyuki waliozoea eneo moja hawafai kuhamishwa ovyo hadi jingine.

Funzo hilo la pili lina mfano ulio wazi. Nyuki mkubwa wa utomvu wa mashariki ya Asia, Megachile sculpturalis, alionekana Marekani katika jimbo la North Carolina mwaka wa 1994, na kusini mwa Ufaransa mwaka wa 2008. Inaaminika alisafiri akiwa ndani ya mbao zilizosafirishwa kibiashara. Leo ameenea katika majimbo na nchi nyingi, na ameonekana akiwafukuza nyuki wenyeji kutoka kwenye matundu yao na kuyafanya yake. Kiota kidogo ndani ya kipande cha mbao kilitosha kuanzisha hayo yote.

YANAYOMMALIZA

Nyuki wa utomvu anahitaji vitu vitatu karibu na mahali pamoja: tundu, utomvu na maua. Kimoja kikikosekana, anahama au anakufa.

Matundu yanapungua kila mti mkavu unapokatwa kwa kuni na kila ukuta wa udongo unapobadilishwa kuwa wa mawe. Utomvu unapungua miti ya asili inapoteketezwa kwa makaa. Maua yanapungua vichaka vya kingo za shamba vinapofyekwa mpaka udongo ukabaki mtupu, kwa sababu mbaazi huchanua kwa muda mfupi tu, na kabla na baada ya hapo nyuki hula maua ya mwituni.

Dawa za wadudu nazo huua kwa njia mbili. Nyuki aliyenyunyiziwa akiwa kwenye ua hufa pale pale au njiani. Aliyesalimika hurudi na chavua yenye sumu, akamwekea mtoto wake kama chakula.

Wapo pia maadui wa asili. Mmoja ni nyuki mwizi wa jamii ya Coelioxys, mwenye tumbo lililochongoka, ambaye huingia chumbani mwenyeji akiwa safarini na kutaga yai lake humo. Mtoto wake humuua mtoto wa mwenyeji na kula akiba yote. Huyo si wa kuangamizwa. Kuwepo kwake ni dalili kwamba wenyeji bado ni wengi kiasi cha kuibiwa.

MKAZI AFANYE NINI

Hatua zinazofaa hazihitaji fedha nyingi. Wakazi wanahimizwa kuzingatia haya:

1. Kuacha mti mkavu au gogo moja lililotobolewa na wadudu pembeni mwa shamba, mahali ambapo haliwezi kuangukia watu au mifugo.

2. Kuacha ukanda wa vichaka na maua ya mwituni kwenye mpaka wa shamba au kwenye matuta, badala ya kufyeka kila kitu.

3. Kutunza miti ya utomvu iliyo kwenye ua la boma. Jeraha dogo la tawi lililopogolewa linatosha kumpa nyuki utomvu. Hakuna haja ya kuuchuna mti.

4. Kutonyunyizia dawa zao linapochanua. Pale inapolazimu, kazi hiyo ifanywe jioni jua likizama, nyuki wakiwa wameacha maua. Hata hivyo madume ya nyuki wapweke hulala wameng'ata mabua, kwa hivyo jioni hupunguza hatari bila kuiondoa.

5. Kutumia dawa zilizosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu (PCPB) pekee, na kufuata maelezo ya kibandiko kuhusu nyuki, kipimo na siku za kusubiri.

6. Kutobomoa kifuniko cheusi cha utomvu kwenye mbao, mwanzi au ukuta. Nyuki huyu habomoi nyumba. Anatumia tundu ambalo tayari lipo. Kufuli inayotumika mara chache ifunikwe kwa kipande cha mpira ili asiingie.

7. Kutonunua wala kubeba viota au mbao zenye viota kutoka kaunti au nchi nyingine.

Mkulima au shule inayotaka kuwakaribisha nyuki hawa inaweza kutengeneza kiota kwa urahisi. Kata vipande vya mwanzi au matete vyenye urefu wa sentimita 15, kila kimoja kikiwa kimefungwa na fundo upande mmoja na wazi upande wa pili. Chagua vyenye matundu ya ukubwa tofauti, kati ya milimita 4 na 10. Funga vipande 20 hivi pamoja, uvitundike kimo cha kifua chini ya paa, upande unaopata jua la asubuhi, bila kuning'inia na kuyumba kwa upepo. Kipande cha mbao isiyotiwa dawa, kilichotobolewa kwa keekee, kinafaa vilevile. Ni vyema kutundika mafungu madogo mahali tofauti kuliko moja kubwa, na kubadilisha vipande vilivyokwisha kutumika kila baada ya miaka miwili, ili magonjwa na wezi wasikusanyike.

Wazazi hawana sababu ya kuwa na hofu. Nyuki mpweke hana kundi la kumwita wala mzinga wa kuulinda. Jike lina mwiba lakini hulitumia likibanwa mkononi au ndani ya nguo, na dume halina mwiba kabisa. Hata hivyo, mtu mwenye mzio wa sumu ya nyuki ajihadhari naye kama anavyojihadhari na wengine.

Kabla ya mbaazi kuanza kuchanua, kila mkulima anaweza kufanya uchunguzi mdogo. Asimame kando ya mimea michache yenye maua, saa nne asubuhi siku ya jua, kwa dakika kumi. Ahesabu nyuki wanaotua, na atenge wenye unga miguuni na wenye unga tumboni. Akifanya hivyo kila msimu mahali palepale, atakuwa na kumbukumbu yake mwenyewe ya vibarua wa shamba lake. Wenye unga tumboni wakipungua mwaka hadi mwaka, huo ni wakati wa kuangalia dawa anazotumia na kingo za shamba lake kabla ya kulaumu mbegu.

Kwa ushauri kuhusu unyunyiziaji dawa na utunzaji wa wachavushaji, wakazi wanaombwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao.